Kanzu ya Jirani na Salfa ya Mama Mdogo

Niliacha shule darasa la sita, si kwa kushindwa hesabu, bali kwa sababu dirisha la darasa letu lilitazama barabara ya Newala. Kila lori lililopita lilinipa swali ambalo mwalimu hakuwa na jibu lake: limebeba nini, linampelekea nani, na huko juu wana nini cha kurudisha? Kabla ndevu hazijaniota vizuri nilikwisha kuwa utingo, msaidizi wa fundi redio, muuza mitumba pale Lisekese, na mchungaji wa kuku wa mtu mmoja Lulindi. Kazi hiyo ya mwisho ilikwisha pale kicheche alipoonyesha kwamba anawafuatilia wale kuku kwa makini kuliko mimi.

Ndiko Lulindi nilikopata kamera. Mwenyewe alikuwa mpiga picha mzee ambaye macho yalikuwa yamemchoka, nami nilikuwa na baiskeli. Tukabadilishana. Ilikuwa kamera ya Kirusi, nzito kama tofali. Aliponikabidhi alisema, "Siku ukikosa wateja, pigilia nayo misumari." Nilidhani ananitania. Baadaye nilipigilia.

Sheria za picha siku zile zilijulikana na kila mtu isipokuwa mimi. Ya kwanza, miguu yote ionekane. Niliwahi kumkata mama mmoja wa Masasi kwenye vifundo, akanifuata mpaka sokoni na picha mkononi. "Nilikuja kwako na miguu," akasema mbele ya watu. "Iko wapi?" Ya pili, usicheke wala usitikisike mpaka mpiga picha aseme "basi". Mtu aliyetikisika alitoka na nyuso mbili, na hakuna aliyetaka kumtumia mchumba nyuso mbili. Ya tatu ndiyo kubwa: picha lazima iwe na mtu. Kumwonyesha mgeni picha ya mlima mtupu ilikuwa kama kumwekea sahani isiyo na chakula.

Newala kulikuwa na kiwanda cha kubangua korosho kilichokuwa kimefungwa, na ukuta wake ulikuwa mrefu na laini kuliko ukuta wowote wa jirani. Pale ndipo palipokuwa studio yangu. Nilipiga maharusi pale, na vijana waliotoka jandoni wakiwa na kofia mpya, na mzee aliyetaka kupigwa na redio yake, kisha redio peke yake, kisha akajuta kwa sababu redio haikuwa mtu. Nyuma yao wote kipo kiwanda, madirisha yamevunjika, bomba la moshi halitoi moshi. Sikukipiga. Kilijipenyeza chenyewe.

Haya ninayoyasimulia yalitokea Mkunya, wakati wa ruksa, serikali ilipoachia biashara, kiangazi kimoja ambacho kazi ya picha Masasi na Newala ilikuwa imelala kabisa. Kabla ya korosho kuvunwa hakuna mwenye hela, na asiye na hela hapigi picha. Nikapanda Mkunya kwa mama mdogo wangu, mdogo wake mama, kula ming'oko yake, vile viazi vya porini, bila kualikwa.

Mama mdogo alikuwa na shamba la mikorosho alilopewa na mama yake, na katikati ya uwanja wake ilisimama nyumba mpya isiyo na paa. Kuta za matofali mabichi, milango imepimwa, bati hakuna. Bati zingetoka kwenye korosho za mwaka ule. Mvua za mwisho wa mwaka zikizikuta kuta ziko wazi, zingezirudisha kuwa udongo, na yeye angeanza upya kufyatua matofali, na umri ule si wa kufyatua matofali. Kila asubuhi aliizunguka ile nyumba akiigusagusa kama mtu anayempima mtoto homa.

Korosho nazo zilitegemea salfa. Mikorosho ikichanua hushambuliwa na ubwiriunga, ugonjwa unaoyafanya maua kuwa meusi kama yamepitiwa na moto. Dawa yake ni unga wa salfa, wa njano, unaopulizwa kwa mashine alfajiri wakati majani yana umande. Mama mdogo alisema ni lazima kupuliza mara tatu. Ukiruka ya tatu, maua ya mwisho yanakufa, na maua ya mwisho ndiyo yaliyokuwa bati.

Zamani salfa ililetwa kwa lori kwa wote, mikorosho yote ikapulizwa, na hakuna aliyeuliza vumbi la nani limetua kwa nani. Soko huria lilipoingia, salfa ikahamia dukani, ikakaa karibu na sabuni na betri, kila mtu akanunua alichoweza. Vumbi likapata mwenyewe. Upepo haukuambiwa.

Na kule upepo ulikokuwa unaelekea, ng'ambo ya mstari wa mikonge, ndiko lilikokuwa shamba la mtani wetu.

Huyu alikuwa mtani wa ukoo wetu tangu kwa mababu. Mtani ana haki ambazo ndugu hana. Aliweza kuingia wakati wa kula, akakunyang'anya paja la kuku mkononi, nawe ukacheka. Siku ya kumzika bibi yetu alijilaza kaburini, akakunja miguu, akasema amelipenda, atalipangisha, kwani sasa ni ruksa. Hakutoka mpaka alipopewa jogoo. Watu walicheka huku wanalia, na ndiyo kazi ya mtani. Ukimwamkia "Shikamoo," alijibu, "Marahaba, umeniletea nini?"

Mtani huyu hakununua salfa hata siku moja. Na mikorosho yake ilizaa.

"Mtani," mama mdogo alimwita siku ile niliyofika, wamesimama kila mmoja upande wake wa mikonge, "mwaka huu utanunua?"

"Ya nini? Mikorosho yangu inaswali."

"Inaswali kwa vumbi langu!"

"Vumbi lako lina miguu? Mpaka huu nimeupanda mkonge kwa mikono yangu. Likivuka litachomwa na miba."

"Nunua mfuko mmoja tu, tupulize wote ile ya tatu. Mimi nimebaki na ya mara moja."

"Mama, kama upepo unakuibia, kamshtaki upepo."

Mama mdogo akajifunga kitenge, akaenda kushtaki. Nilimfuata kwa sababu sikuwahi kuona kesi ya upepo.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa fundi baiskeli, na kesi alizisikiliza huku anaziba pancha. Alimsikiliza mama mdogo mpaka mwisho, akautia mpira kwenye beseni, akatazama mapovu.

"Mama, mtani hashtakiwi," akasema. "Ukimshtaki mtani leo, kesho nani atatuchekesha msibani? Tena unamshtaki kwa kosa la mwingine. Aliyevuka mpaka ni upepo. Niletee mtu aliyeuona."

"Upepo unaonekana?"

"Ndiyo nakuuliza wewe mwenye kesi."

Mama mdogo akageuka akanitazama. Nilikuwa natafuna. Kamera ilikuwa inaning'inia shingoni kwangu kama kawaida, maana nikiiacha nyumbani watoto waliitumia kuvunjia korosho.

"Huyu atauona," akasema.

Njiani nilijaribu kumweleza kwamba kamera inapiga vitu, na upepo si kitu. Hakunielewa, au alinielewa akakataa.

"Mwaka jana ulimpiga bi harusi anayelia, picha ikatoka hana chozi hata moja. Chozi ulilificha, upepo utakushinda kuutoa?"

Nilikuwa na filamu moja ya rangi ambayo nilikuwa nimeipiga kidogo tu. Mpango wetu ulikuwa mwepesi: siku ya kupuliza mara ya pili ningesimama kwenye kichuguu karibu na mikonge, nisubiri vumbi lipande, lilale, livuke, na hapo nibonyeze. Tulikubaliana tusimwambie mtu. Ila mpulizaji, yule aliyekuja na mashine yake ya kubeba mgongoni, ilibidi ajue. Na akijua mpulizaji, Mkunya nzima imejua.

Alfajiri ile mpulizaji alitokea amevaa koti la suti ya mitumba na tai, mashine juu yake. Kitambaa cha kufunika pua alikuwa amekitia mfukoni.

"Jifunike, utakohoa," mama mdogo akamwambia.

"Nikijifunika nitajulikanaje kwamba ni mimi?"

Nikampiga kwanza yeye ili kazi iende. Jua lilikuwa linachomoza, majani yanameremeta kwa umande, hewa imetulia. Nikapanda kichuguu changu, nikapima mwanga. Na katikati kabisa ya picha, ng'ambo ya mikonge, chini ya mkorosho wake wa kwanza, akasimama mtani.

Alikuwa na kanzu nyeupe iliyofuliwa jana yake. Kufua kanzu Mkunya si jambo dogo, maana maji yanapanda kutoka bondeni vichwani mwa wanawake, na mwanamume anayefua kanzu katikati ya juma ana safari au ana wazimu. Kofia ya viua kichwani, fimbo mkononi, redio kwapani.

"Nimesikia kuna picha," akasema.

"Toka hapo mtani, unaziba upepo!" mama mdogo akapiga kelele.

"Nimesimama kwangu. Miguu yangu hii hapa, mikonge ile pale. Wewe mpiga picha, miguu yote ionekane. Na mikonge pia, asije mtu akasema nimevamia shamba la mwanamke."

Hakukuwa na njia. Mtani akikaa kaburini humtoi kwa nguvu, sembuse shambani kwake. Nikampiga hivyo alivyo, mweupe kama karatasi, miguu yote miwili, mikonge mbele yake. Nikatumaini ataondoka. Hakuondoka, kwa sababu mashine ilinguruma wakati ule ule na mimi sikuwa nimesema "basi".

Salfa ikapanda juu ya mikorosho ya mama mdogo, ya njano, nzito, ikasimama kwanza kama inafikiri. Kisha kale kaupepo ka asubuhi kakaanza. Lile wingu likainama, likapitisha kichwa juu ya mikonge bila kuchomwa na mwiba hata mmoja, likashuka upande wa pili taratibu. Nilibonyeza, nikavuta filamu, nikabonyeza tena. Nilisahau kabisa kama ndani ya wingu kuna mtu.

Naye alisimama. Alikuwa amelelewa kwa sheria zile zile za picha kama sisi sote. Alifumba macho, akabana pumzi, kifua mbele, redio kwapani, na vumbi likampitia kama linavyompitia mti. Wingu lilipoondoka nilimkuta pale pale, wa njano kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu, kama kifaranga kilichototolewa asubuhi ile. Nikampiga na hiyo, kwa mshangao tu.

"Basi," nikasema.

Akapumua kwa mara ya kwanza, akakohoa mpaka redio ikaanguka. Alipopata sauti akauliza, "Imetoka vizuri?"

Sasa nilikuwa na ushahidi ndani ya kamera, lakini filamu haijaisha, na filamu isiyoisha haipelekwi kusafishwa. Wapiga picha wa kwetu walikuwa wakimaliza filamu kwa mwezi, hata miwili, mteja anasubiri. Sisi hatukuwa na mwezi. Kupuliza kwa tatu kulikuwa kunakaribia, na salfa hakuna.

"Imalize," mama mdogo akaniamuru.

"Kwa nani? Hakuna mwenye hela."

"Piga chochote. Piga mawe."

Ndivyo nilivyopiga, kwa mara ya kwanza maishani, picha zisizo na watu. Nilipiga mifuko mitupu ya salfa iliyolundikwa chini ya mti. Nilipiga ardhi iliyofagiliwa chini ya mikorosho, nyekundu, safi kama sakafu, na unga wa njano umeandika juu yake kivuli cha kila tawi. Nilipiga majani ambayo hayakuwa ya kijani wala ya njano, rangi ya mtu anayetoka hospitali. Nilikwenda mbali zaidi ya hapo, mpaka pale ardhi inapoinuka na unaweza kuyaona mashamba yote ya upande ule kwa mara moja.

Nilikaa pale muda mrefu. Kila siku nilikuwa nayapita mashamba yale mti kwa mti, sikuwahi kuyaona kwa pamoja. Sasa yalikuwa kama nguo iliyoshonwa viraka: aliyenunua salfa shamba lake limepauka, asiyenunua lake ni la kijani, na mipaka yote imenyooka, huyu anacho, huyu hana, mtu angeweza kusimama pale juu akazijua siri za kila nyumba. Shamba moja tu ndilo halikufuata mpaka. Kuanzia kwenye mikonge lilikuwa limepauka, likaendelea kupauka kidogo kidogo, likaishia kijani kule mwisho, kama kanga iliyochovywa rangi upande mmoja.

Mtu mmoja akapita na baiskeli, akasimama.

"Unapiga nini?"

"Mashamba."

"Nani yumo?"

"Hakuna mtu."

Akanitazama kwa huruma. "Pole," akasema, akaenda zake.

Filamu ilishuka Mtwara kwa basi, mkononi mwa kondakta, ikarudi siku zile zile mama mdogo alizokuwa ameanza kuyatazama maua kwa wasiwasi. Picha zenye watu zilikuwa kwenye bahasha. Zile zisizo na watu msafishaji alizifunga peke yake kwenye gazeti, na ujumbe kupitia kondakta kwamba hakuzitoza, maana anaona ziliharibika, na nikaze moyo, hutokea.

Tukaenda kwa balozi. Mtani alikuwa amefika kabla yetu, na kanzu ilikuwa ni ile ile, bado ya njano, kwa sababu maji hayakuwa yamepatikana ya kuifua tena.

"Hiyo kanzu imepatwa na nini?" mama mdogo akamuuliza mbele ya watu.

"Bizari. Nilikwenda harusini, pilau ilinimwagikia."

"Pilau ilikumwagikia mgongoni?"

"Ilikuwa harusi kubwa."

Picha zikazunguka mkono kwa mkono, na kila mtu alitazama sura tu. Mpulizaji alisifiwa tai yake. Mwingine akataka kujua redio ile ina mawimbi mangapi. Mama mdogo alizunguka nyuma ya migongo yao akinyoosha kidole. "Tazameni vumbi! Hilo hapo linavuka!" Wakamjibu, "Vumbi lipi, mama, hebu tusubiri, hatujamaliza tai." Wingu langu nililolifukuzia alfajiri nzima lilikuwa kwao doa tu nyuma ya watu. Mtani akacheka, akakaa vizuri kama mtu aliyeshinda.

Balozi alifuta mikono grisi, akachukua picha mbili, akaziweka pamoja juu ya kiti cha baiskeli.

"Mtani, huyu ni wewe?"

"Mimi."

"Na huyu?"

"Mimi vilevile. Hapo nimependeza zaidi."

"Umesimama wapi?"

"Kwangu! Si unaona miguu? Si unaona mikonge? Nilimwambia huyu kijana vyote vionekane, asije mtu akasema nilivuka."

"Kwa hiyo hukuvuka."

"Hata unyayo."

"Hapa kanzu nyeupe," balozi akasema taratibu. "Hapa kanzu ya njano. Miguu ni ile ile, haijasogea. Sasa niambie, mtani, pilau ilikujia pale pale uliposimama?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mpulizaji alicheka mpaka tai ikamkaba. Mama mdogo alikaa chini kabisa akijipiga mapaja. Na mtani naye, kwa kuwa ni mtani na hana ruhusa ya kukasirika, alicheka kuliko wote, machozi yakamtiririkia mpaka kwenye ile kanzu ya njano.

"Nimefungwa na miguu yangu mwenyewe," akasema alipoweza.

Haikuandikwa hukumu. Mtani akichekwa na watu wote hutoa kitu, ndivyo ilivyo, na kila mtu alijua ni kitu gani.

"Na hizi?" balozi akauliza, akifungua lile gazeti.

"Hizo ni ardhi tu," nikasema.

Akazipitia haraka kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea, akazirudisha. Mtani akanyoosha mkono, akachomoa ile ya mashamba yote, akaisogeza karibu na macho, akaweka kidole kwenye lile shamba lisilofuata mpaka.

"Hapa nipo," akasema.

"Uko wapi?" mama mdogo akauliza. "Hamna mtu hapo."

"Nipo, ila sionekani. Kama upepo wenu."

Akavua kofia, akaitia picha ndani, akavaa tena. Hakuomba. Mtani haombi. Hiyo ndiyo picha yangu ya kwanza isiyo na mtu kupata mwenyewe, na mimi nikacheka, kwa kuwa sikuwa na haki ya kufanya jambo lingine.

Asubuhi ya kupuliza mara ya tatu alikuja na mfuko wa salfa kichwani, mzito, shingo imeingia ndani ya mabega, na ile kanzu ya bizari mwilini. Akautua upande wa mama mdogo. Kisha akarudi kwake, akasimama chini ya mkorosho wake wa kwanza, miguu pamoja, kifua mbele.

"Mtani," nikamwambia, "filamu imeisha."

"Najua. Wewe simama hapo na kamera yako."

Maua ya mwisho yalishika mwaka ule, na bati zilipanda kabla ya mvua. Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile mashine ilinguruma, wingu likainuka, likainama, likavuka mikonge, na mtani akafumba macho, akabana pumzi. Safari hii aliyekuwa na kazi ya kusema "basi" alikuwa mama mdogo, naye hakuwa na haraka hata kidogo.